Chupa Iliyolala Kwenye Samadi

Mwezi wa saba wa mwaka mmoja, kwa siku kumi na moja, kiumbe ambacho hakikuwepo mahali pengine popote duniani kiliishi ndani ya rundo la samadi ya ng'ombe, uani kwa jirani yetu wa Chang'ombe. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba hata mamilioni yake yakikusanyika, ulichoona ni maji yaliyochafuka kidogo ndani ya chupa. Lakini kilikuwa hai. Kilikuwa kimebadilishwa kwa mikono ya dada yangu, na kilitaka joto ambalo mkono wa mtu hauwezi kulivumilia.

Nasema siku kumi na moja bila wasiwasi kwa sababu nilizihesabu. Kuhesabu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa miaka tisa nilikuwa msoma vipimo katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao nje ya mji. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri nilisoma kipimo cha mvua, kipimajoto cha hewa na kile cha udongo, nikaandika. Halafu ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi na kuuza mali za umma, na kituo chetu kikawa kwenye orodha. Siku ya mwisho mkuu wa kituo aliniambia nichukue kipimajoto cha udongo niende nacho nyumbani. Aliyenunua majengo alitaka kuweka maghala ya sukari, na hakuwa na haja ya kujua joto la ardhi.

Niliondoka nacho, pamoja na daftari moja ambalo halijaandikwa. Daftari hilo ndilo ninalolitazama sasa.

Dada yangu alikuwa na chumba kimoja katika majengo yaleyale. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na tangu nimjue alikuwa mtu wa kuuliza jambo moja mpaka mwisho. Alipokuwa kidato cha pili huko Mvumi, katika miaka ile ya mafuta ya shida, lori lililokuwa liwapeleke wanafunzi nyumbani likizo lilikaa siku nne bila kuondoka kwa kukosa dizeli. Wenzake walilia, wengine wakaanza safari kwa miguu. Yeye alikaa kwenye ngazi za bweni akilitazama lile lori. Pande zote lilizungukwa na shamba lililovunwa, mabua ya mtama yamesimama makavu, yanangoja kuchomwa moto. Alituambia baadaye kwamba siku hizo nne hakuwaza nyumbani. Aliwaza kwamba yale mabua nayo yanawaka, na ya nini basi lori likae.

Hilo ndilo jambo alilolifuata mpaka ng'ambo, akasoma mambo ya bakteria, akarudi.

Ng'ambo ya mbuga ya Bahi, mahali ambapo wachunga ng'ombe hupita kutafuta chumvi, kuna chemchemi ya maji moto. Kabla ya kwenda kusoma, dada alichota tope la pale kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Ndani ya tope hilo, alivyogundua baadaye, kulikuwa na bakteria ambao wanaishi raha mustarehe katika maji yanayobabua ngozi, tena wanakula vitu vigumu kama mabua. Chachu ya kawaida ya pombe haiwezi kula bua, na ukiipasha moto inakufa. Hawa waliweza. Tatizo lao lilikuwa moja tu. Chakula chao kingi walikigeuza kuwa uchachu, kama wa maziwa yaliyoganda, na kidogo tu kikawa spiriti.

Jioni moja alitueleza alichofanya, mimi na mama, huku akichambua mchele.

"Fikirieni nyumba ya tembe yenye milango miwili," alisema. "Chakula kinaingia ndani. Kikitoka kwa mlango huu ni uchachu, kikitoka kwa mlango ule ni spiriti. Mimi nimeuziba mlango wa uchachu. Nimeingia ndani kabisa ya kidudu, kwenye jeni zake, zile zinazomwamuru awe alivyo, nikapachika kipande cha kuziba. Na juu ya kipande hicho nimeandika alama yangu, ili nikikutana naye popote nimjue."

Mama aliendelea kupepeta mtama kando yake. Mama alikuwa mpika pombe ya mtama, ingawa kanisani alikaa benchi la pili. Alipika kwa ajili ya watu wanaokuja kusaidia kulima, na hakuona tatizo.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote hiyo Ulaya umejifunza kupika pombe."

"Pombe ya gari, mama."

"Na gari likilewa?"

"Litakwenda, mama. Ndiyo maana yake."

"Hata baba yako alikuwa akilewa anakwenda. Tatizo lilikuwa anakwenda wapi."

Tulicheka mpaka dada akamwaga mchele. Lakini nakumbuka mama alipomaliza kucheka aliuliza swali ambalo wakubwa ofisini hawakuwahi kuliuliza: huo mlango ukizibwa, huyo mdudu haumii? Dada akasema ndiyo, anaumia. Wengi walikufa. Wengine walibandua kile kipande, wakaufungua mlango, wakarudia uchachu wao. Ilimchukua miaka sita, minne huko na miwili katika chumba kile cha kituoni, kumpata mmoja ambaye alikubali kuishi na mlango uliozibwa, akala mabua ya mtama wa Dodoma na kutoa spiriti. Mmoja, akazaliana, akajaza chupa mbili.

Wakati huo mjini vituo vipya vya mafuta vilikuwa vinafunguliwa, vimepakwa rangi, na petroli ilikuwepo asubuhi na jioni. Maduka ya Chang'ombe yalijaa sabuni za nje na chupa za chai zenye maua. Ofisa mmoja alimwambia dada kwa upole kabisa, "Mafuta yapo, mama. Ya nini kuhangaika na mabua?" Dada alirudi kituoni kutazama chupa zake.

Chupa hizo zilikaa ndani ya kabati la chuma linalopashwa kwa umeme. Mwaka huo mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgao, na dada akawa anapeleka makaa ya moto kwenye sinia kila unapokatika. Kisha mwenye majengo mpya akatuma ujumbe kwamba chumba kiachwe wazi kabla ya Ijumaa. Dada alimpigia simu mwalimu wake wa ng'ambo. Mwalimu alikuwa na safari ya kuja nchini, na aliahidi kupita Dodoma na chombo maalumu cha baridi kali, kile kinacholaza vidudu bila kuviua. Baridi ya friji yetu haikutosha kulaza. Ilitosha kuua tu. Aina nyingine za vidudu vya namna hiyo vikipoa hujitengenezea ganda na kusubiri, lakini hiki cha dada kilikuwa kimepoteza uwezo huo katika kukatwakatwa jeni zake.

Mwalimu angefika baada ya siku kumi na moja. Chupa zikipoa kabla ya hapo, miaka sita ilikuwa imekwisha, na chumba cha kuanzia upya hakipo.

Alhamisi alasiri dada aliingia nyumbani amekumbatia chupa mbili za chai zenye maua, mpya, kama mtu anayempelekea uji mama aliyejifungua. Ndani ya kila moja kulikuwa na maji ya moto, na ndani ya maji chupa yake ya kioo, imefungwa kwa mpira na waya. Aliziweka mezani, akakaa.

"Kila baada ya saa tatu nibadilishe maji," alisema. "Siku kumi na moja."

"Kwa makaa gani?" mama aliuliza.

Ilikuwa kipupwe, ule upepo wa Dodoma unaopita chini ya mlango na kukung'ata vifundo vya miguu.

Mama ndiye aliyesema. "Yule mtani wetu anaoga maji ya moto kila siku na sijawahi kuona moshi kwake."

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kiislamu, mzaliwa wa palepale mjini. Babu yake alikuja na misafara kutoka Unyamwezi, akafika Ugogo, akaoa, akabaki. Alifuga ng'ombe wa maziwa uani, na samadi aliwauzia wenye mashamba ya zabibu. Rundo lake lilikuwa refu kuliko mtu, na wote pale mtaani tulijua kwamba humo ndani alizika dumu la maji lililofungwa vizuri, akalitoa siku ya pili kwa ajili ya miguu yake inayomsumbua. Tulijua, lakini hatukuwa tumelifikiria. Nilichukua kipimajoto changu cha udongo, tukaenda.

"Shikamoo, mzee," dada alisema.

"Marahaba, binti. Mbukwenyi, mtani," alimwamkia mama kwa Kigogo. "Naona mmekuja ukoo mzima. Mgogo akija na shida mimi huwa nafunga mlango." Huku anasema hivyo alikuwa anatuvutia vigoda.

Dada alimweleza. Mzee alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kinakula nini?"

"Mabua."

"Na kinatoa nini?"

Dada alisita. Alijua yuko nyumba gani. "Pombe, mzee. Si ya kunywa, ni ya kuendeshea gari."

Mzee alitafakari. "Gari mimi sina," alisema mwishowe. "Basi tutamwachia mwenye gari akajieleze." Kisha akaacha mzaha. "Kikitoroka je? Kikaingia kwenye maziwa yangu?"

"Maziwa yana joto la mwili wa ng'ombe tu. Kwake hiyo ni baridi, hakiwezi kukua. Kwenye samadi yako kinaweza kukua, sikufichi. Ndiyo maana chupa haitafunguliwa. Kwanza hewa yenyewe ni sumu kwake. Chakula nitakitia kwa sindano, kupitia kwenye mpira."

"Haitafunguliwa," mzee alirudia, na nikamwona anaridhika.

Nilichomeka kipimajoto mpaka katikati ya rundo, nikahesabu dakika tano, nikakitoa. Nyuzi sitini na sita. Dada alikichukua mkononi mwangu akasoma mwenyewe, akanirudishia, akageuka kutazama upande mwingine. Kabati lake la umeme alilitegesha kwenye sitini na tano.

"Lakini hongo yangu iko palepale," mzee alisema. "Babu yangu alipopita hapa na msafara, babu zenu walimtoza hongo ndipo wakamruhusu anywe maji. Leo mmekuja kwenye mavi yangu. Nataka mlenda mkavu, tena uliotwangwa vizuri, usio na mchanga."

"Babu yako alilalamikia hongo," mama alisema, "lakini maji aliyanywa mpaka akasahau njia ya kurudi kwao."

Mlenda ulipelekwa jioni ileile. Pamoja nao mama alipeleka chungu chake cha kuchachushia, kile kipana, ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukigusa. Chupa ziliwekwa ndani ya chungu, chungu kikafunikwa kwa kifuniko cha udongo, kikazikwa kwa namna ambayo kifuniko kilifikiwa kwa kuondoa samadi kiasi cha ndoo moja. Juu ya kila mpira dada alichomeka sindano, na kwenye sindano akafunga puto la watoto, jekundu. Puto likijaa, wako hai, wanakula na kupumua. Likilegea, kuna tatizo.

Siku ya kwanza daftari linasema: asubuhi 66, alasiri 67, jioni 66. Maputo yamejaa.

Siku ya pili linasema: asubuhi 78.

Mzee alikuwa ameamka mapema kuliko sote. Aliona si vizuri mgeni akae kwenye rundo lililopoa pembeni, akaongeza pumba, akamwagia maji, akaligeuza upande mmoja kwa beleshi, kama anavyofanya anapotaka samadi iive haraka kwa ajili ya wenye zabibu. Kwa ufundi huo hakuwa na mpinzani mjini. Rundo liliitika. Chupa iliyokuwa upande huo ilikutwa puto lake limesinyaa, maji yamebadilika rangi. Ya pili ilikuwa ukingoni mwa chungu na ilikuwa bado inapumua, kwa shida.

Mzee alipoelezwa alivua kofia, akaishika. "Nilitaka apate heshima ya mgeni," alisema.

Nilimtazama dada. Nilikuwa nimejiandaa kuona machozi, au maneno. Alichuchumaa mbele ya rundo, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Mzee," alisema, "kabati langu lilitoka Ujerumani na halijawahi kufika sabini na nane. Nifundishe unavyofanya, halafu nifundishe unavyozuia."

Wakakaa pale asubuhi nzima. Kuanzia siku hiyo mfumo ukawa huu. Pumba haziongezwi. Rundo likipanda, chungu kinasogezwa nje kwa shubiri moja. Likishuka, kinasogezwa ndani. Mimi nasoma kipimajoto, mzee anaamua beleshi, na mama anaweka kiganja juu ya kifuniko kabla sijasoma. Mwanzo niliona hilo la mama ni la kujifurahisha tu. Kufikia siku ya nne nilikuwa naandika safu mbili, moja ya kipimajoto na moja ya mama. Yeye hakusema nyuzi. Alitumia lugha ya kimea, nafaka iliyooteshwa ya kupikia pombe: "kimea kinaota," au "kimea kitaungua," au "ongeza." Nikilinganisha safu hizo mbili leo, sioni siku hata moja ambayo mkono wake ulipingana na kioo changu.

Nilimwuliza dada kwa nini asiigawe chupa iliyobaki ziwe mbili. Alisema kugawa ni kufungua, na kufungua ni kuingiza hewa. Pale uani hakuwa na njia ya kuizuia. Hivyo kila kitu kilikuwa ndani ya chupa moja, na kila mmoja wetu alitembea karibu na ule ua kwa sauti ya chini, hata ng'ombe nadhani waliona tofauti.

Siku ya saba nilisoma sitini na tatu asubuhi. Puto lilikuwa limelegea. Dada alikuwa ametoka alfajiri kwenda posta kusubiri zamu ya simu ya ng'ambo, jambo ambalo lingeweza kuchukua siku nzima. Niliandika: "Puto limelegea." Nilimwambia mama, tukasogeza chungu ndani. Mzee alikuwa na mzigo wa samadi wa kupeleka shamba la zabibu na mikokoteni ilikuwa imefika, hivyo nikaondoka naye kumsaidia. Niliacha daftari limefunguliwa juu ya kigoda. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kubaki.

Niliporudi saa tisa alasiri mama alikuwa amekaa kando ya rundo, amenawa mikono, ametulia.

"Nimemwamsha," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa alijua napenda hivyo. Saa sita puto lilikuwa limelala kabisa. Alingoja. Saa saba hakuna mabadiliko. Pombe inapolala hivyo, kila mpishi wa Ugogo anajua la kufanya: unaitia konzi ya kimea kipya, inaamka. Basi alifungua waya, akachomoa mpira, akainusa chupa, akatia kimea cha unga, si konzi bali cha ncha ya vidole viwili kwa kuwa chupa ni ndogo, akafunga kama alivyoikuta, puto juu.

"Mama," nilisema, "haikutakiwa kufunguliwa."

"Najua. Nilisikia alivyosema." Akanitazama. "Mtoto akikata pumzi humwachi eti kwa sababu daktari amesema usimguse."

Nilipima. Sitini na sita. Puto lilikuwa bado limelala.

Dada alirudi jua linaelekea kuzama, amechoka, lakini ana habari njema, mwalimu hajabadilisha safari. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, wala hakulainisha chochote. Dada alikaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kwenda posta.

Kisha dada akauliza, "Ulipoinusa, ilinuka nini?"

"Pombe," mama alisema. "Pombe kali, safi. Uchachu hakuna. Mlango wako ulikuwa umefungwa, mwanangu. Hukukosea."

Dada aliinamisha kichwa magotini. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka, kwa sababu alipoinua uso alikuwa anafanya yote mawili. Miaka sita hakuna mtu aliyewahi kuinusa kazi yake. Waliisoma kwenye karatasi tu. Aliomba kalamu yangu, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa chupani: siku ya saba, ilifunguliwa saa saba mchana, kimea cha mama. Nimefanya kazi na watafiti wengi, na najua wangapi wangeacha mstari huo usiandikwe.

Asubuhi ya siku ya nane puto lilikuwa limejaa, jekundu, gumu kama tunda.

Tulifurahi, nisiseme uongo. Mzee alipiga takbiri, kisha akakumbuka ni jambo la pombe, akaikatiza katikati, na mama akamtania kwa hilo mpaka mchana. Lakini nilimwona dada analitazama puto kwa muda mrefu, na nikajua anachowaza, kwa sababu alinieleza tulipokuwa tunachemsha maji ya mabua ya kukilisha kidudu. Ndani ya chupa sasa kungeweza kuwa na mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni wake, ameamka. Wa pili ni mgeni aliyekuja na kimea, maana hata kwenye nafaka kavu hulala vidudu vinavyopenda joto. Wa tatu ni mwenyeji wa samadi, ambaye amejaa humo kwa mabilioni na angeweza kuingia mpira ulipochomolewa. Wote watatu wangejaza puto.

"Utajuaje?" nilimwuliza.

"Alama yangu. Mwalimu ana mashine ya kuitafuta. Mimi hapa nina pua tu."

Siku ya kumi na moja mwalimu alifika na gari la kukodi. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye soksi zilizojaa mbigili. Dada alimwonyesha rundo. Mwalimu aliangalia chungu, akaangalia daftari langu, safu ya kipimajoto na safu ya kiganja, akaomba atafsiriwe maneno ya mama. Kisha akapandisha mkono wa shati na kuingiza mkono kwenye samadi mpaka karibu na kiwiko, akautoa haraka huku akipuliza vidole. Mzee alifurahi sana. "Mwambieni," alisema, "huyo naye analipa hongo." Alilipa. Aliacha soksi zake za akiba, nzuri za sufu, kwa ajili ya ile miguu ya mzee.

Chupa ilitolewa, ikaingizwa kwenye chombo kilichotoa mvuke mweupe wa baridi. Mama aliutazama ule mvuke kwa wasiwasi. "Sasa analala?" aliuliza. Dada akasema ndiyo, sasa analala.

Barua ilikuja miezi mitano baadaye. Wakati huo dada alikuwa anafundisha baiolojia sekondari na amepewa chumba nyuma ya bwalo, na mimi nilikuwa nimeanza kuandika habari za mvua na mavuno kwa gazeti moja dogo. Tuliisomea uani kwa mzee, kwa sababu aliona ni haki yake.

Barua ilisema kidudu kiko hai. Kinakula mabua ya mtama kwenye joto la nyuzi sitini na tano, kinatoa spiriti, na uchachu karibu hakuna. Kinafanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia. Halafu ikasema wametafuta alama ya dada mara tatu, kwa njia mbili tofauti, na hawakuiona.

Dada alisoma mstari huo, akarudia. Kama kilikuwa chake na kimebandua kile kipande chenye alama, mlango wa uchachu ungekuwa wazi, na haukuwa wazi. Kama hakikuwa chake, basi kiumbe cha porini, cha kwenye kimea au cha kwenye mavi ya ng'ombe, kilikuwa kinafanya chenyewe, bila kufundishwa na mtu, kazi iliyomgharimu miaka sita.

"Hebu niambie kwa Kiswahili cha kawaida," mzee alisema. "Ni chako au ni changu?"

"Au ni cha mama," dada alisema.

Mama alikuwa anatwanga mlenda. "Mimi nilimwamsha tu," alisema. "Kama ni mwingine ndiye aliyeamka, nisingejua. Sikumwona sura."

Kwa maombi ya mwalimu tulituma kimea kutoka chungu kilekile na samadi kutoka rundo lilelile, vimefungwa kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Dada aliandika vibandiko, mimi nikaandika daftarini. Majibu yalikuja baada ya mwaka. Kwenye kimea hawakukipata. Kwenye samadi hawakukipata. Walichonacho ni kile cha kwenye chupa tu, na kimewekwa kwenye friza yao pamoja na vingine vyenye majina marefu ya Kilatini. Chetu hakina jina hilo bado. Dada aliwahi kupigiwa picha ya kibandiko chake, akanionyesha. Kimeandikwa "Chang'ombe", na mbele ya neno hilo mtu ameweka alama ya kuuliza.